Kutoka Chuoni Kuingia Kazini: Somo la Miezi Sita ya Kwanza

Kila mwaka, siku za mahafali zikiwadia, nyumba nyingi za nchi yetu hujaa furaha. Kijana amevaa joho, kuku wamechinjwa, na wazee wamepiga makofi hata mikono ikauma. Kisha hupita miezi, pengine miaka, mpaka siku moja habari zifike kwamba kijana amepata kazi. Hapo watu wa nyumbani hudhani kwamba safari imekwisha.

Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba sehemu moja ngumu ya safari hiyo ndiyo kwanza inaanza, nayo ni miezi sita ya kwanza ya kazi ya kwanza. Katika miezi hiyo kijana hana kinga kamili ya sheria, hana fedha, wala hana ujuzi wa kazi yenyewe. Na katika miezi hiyo hiyo jamaa zake humtazamia atoe msaada mwingi. Kwa hiyo somo hili ni la kijana, lakini ni la wazazi wake pia.

Tutazame jambo hili mahali penyewe. Katika mji wa Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbeya nako kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2012. Vijana wanaomaliza masomo hawarudi wote makwao. Wengi hubaki mjini wakitafuta riziki. Basi tuweke mfano wa binti mmoja aliyesoma uhasibu Iringa, ambaye kwao ni kijiji cha Rungwe, mkoani Mbeya. Baada ya kungoja muda mrefu amepata kazi ya kuandika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi Mlandege, na hapo hapo Mlandege amepata chumba cha kupanga. Mfano huu tumeutunga, lakini wenzake twawaona kila siku.

I. Jambo hili lina historia

Ugumu wa kutoka chuoni na kuingia kazini haukuanza jana. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kuupinga mpango wa kuwaingiza wasomi katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Mpango ule uliwataka watumike kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 katika hiyo wafanye kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliona wanapunjwa. Rais Nyerere aliona kwamba watu waliosomeshwa kwa jasho la wakulima maskini wanadai kula peke yao. Aliwarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300, na siku ile ile akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Miaka minane baadaye, mwezi wa Novemba 1974, chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma. Kwa azimio hilo kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ilimpasa kwanza afanye kazi, na maombi yake ya chuo yaambatane na maoni ya wale waliomwona akifanya kazi. Kanuni hiyo ililegezwa baadaye, lakini fikira iliyomo ndani yake yafaa kukumbukwa: kwamba darasa peke yake halimtambulishi mtu, na kwamba wenzi wa kazi ni mashahidi wa elimu yake.

Angalieni tofauti ya nyakati. Mwaka 1966 kazi ilikuwa yamngoja msomi. Ugomvi ulikuwa juu ya kiasi cha mshahara. Serikali ilimpokea kijana mlangoni mwa chuo na kumpangia kituo. Tangu miaka ya 1990 utaratibu huo haupo tena. Leo kijana hujitafutia mwenyewe, naye akipata huishikilia kazi kwa hofu, na mara nyingi hana wa kumwonyesha namna ya kuvuka. Hapana budi basi mafundisho hayo yatoke nyumbani na katika kurasa kama hizi.

II. Saa za chuo na saa za kazi

Chuoni kijana hujitawala kwa sehemu kubwa. Akikosa kipindi cha asubuhi huazima daftari la mwenziwe. Akichelewa kutoa zoezi hupunguziwa alama zake mwenyewe, na hasara haimpati mwingine. Kazini mambo hubadilika. Binti yetu akifika saa tatu badala ya saa mbili, kitabu cha mauzo hakijafunguliwa, mashine ya risiti haijawashwa, na fundi aliyetoka Kilolo kununua bati na misumari husimama kaunta akingoja, huku gari la kumrudisha laondoka. Saa moja aliyoipoteza yeye imelipwa na mtu mwingine, asiyemjua hata kwa jina.

Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Chuoni watu wengi walifanya kazi kwa ajili yake: mzazi, mwalimu, mpishi, na mlipa kodi. Sasa kuna watu wanaoitegemea kazi yake. Kijana akilielewa jambo hili siku ya kwanza, hatahitaji kukumbushwa saa na mtu yeyote.

Lakini saa za kazi zina mipaka, naye aijue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na siku za kazi zisizidi 6 kwa juma. Saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne, na zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mwajiri anayemweka mtu dukani tangu alfajiri hata usiku, siku zote saba, kwa kisingizio kwamba yu mgeni, anaivunja sheria.

III. Walimu wasio na shahada

Katika duka lile la Mlandege yupo mzee wa stoo. Elimu yake ni ya darasa la saba, na miaka ishirini amekuwa akipokea na kutoa mali. Bati la geji 28 na la geji 30 huyatambua kwa kuyagusa. Nondo ya milimita 10 na ya milimita 12 huzitenga bila kipimo. Binti yetu alifundishwa urari wa hesabu, uchakavu wa mali na kodi ya ongezeko la thamani; hakufundishwa kugusa bati. Akiandika geji 30 mahali pa geji 28, hesabu zake zitapendeza karatasini, na stoo itakuwa na upungufu.

Vijana wengi huanguka hapa. Huona haya kumwuliza mtu asiye na cheti, nao hukisia. Tena mzee naye, akiona kiburi, hunyamaza na kuacha kosa litokee, ili ulimwengu upate kumfundisha mgeni. Dawa yake ni ndogo, nayo kila mtoto wa Nyanda za Juu Kusini aliipata kwa mama yake. Aingie asubuhi kwa salamu, amwambie mzee shikamoo, na kwa wenyeji wa hapo asisahau kamwene yao. Kisha aulize waziwazi: “Mzee wangu, hili nalifahamuje?” Aandike jibu katika daftari. Baada ya majuma machache atashangaa kuona kwamba daftari hilo limekuwa kitabu, na kwamba mzee wa stoo sasa humtetea mbele ya mwenye duka.

Heshima hiyo isichanganywe na utumwa. Mkubwa akimwamuru aandike risiti ya uongo au afiche mauzo, akatae kwa adabu, na aweke kumbukumbu. Na mkubwa akimtaka binti au mke wa mtu kimwili ili ampe kazi, amthibitishe au ampandishe cheo, hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja, na mahali pa kulipeleka ni TAKUKURU. Wazazi, waambieni binti zenu mapema kwamba wakija nyumbani na habari ya namna hii hamtawalaumu kwa kuipoteza kazi. Binti anayeogopa lawama za nyumbani huvumilia ofisini mambo yasiyovumilika.

IV. Karatasi ya mkataba

Sheria ile ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, mwanzoni mwa kazi, maelezo yaliyoandikwa: kazi yake ni ipi, aanza lini, mkataba ni wa namna gani na wa muda gani, mahali pa kazi, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna ya kuuhesabu. Binti yetu asione haya kuiomba karatasi hiyo. Aisome yote kabla ya kutia sahihi, na nakala yake aihifadhi pamoja na vyeti vyake.

Sasa tufikie mambo ambayo wachache wayajua. Kifungu cha sheria kinachomlinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila haki hakimhusu aliye na muda wa chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Likizo ya mwaka ya siku 28 nayo yaandamana na hali hiyo hiyo, kwani aliye chini ya miezi sita hana, kwa kawaida, haki ya likizo yenye malipo. Na katika mwezi wa kwanza, taarifa ya kuvunja mkataba ni siku 7 tu. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28. Muda wa majaribio waweza hata kuzidi miezi sita, ila kwa kanuni za mwaka 2007 usivuke miezi 12.

Hatukuyataja haya ili kumtia mtu hofu. Twayataja ili kijana na wazazi wake wajue kwamba miezi sita ya kwanza ni daraja lisilo na kingo. Anayevuka daraja la namna hiyo hatembei akiwa amebeba mizigo ya watu wengine kichwani.

V. Hesabu ya mshahara

Tuje kwenye mshahara, maana hapo ndipo nyumba nyingi hukosana. Chuoni fedha ya Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi huiita bumu, huja kwa mafungu. Ikija hununuliwa viatu na simu. Ikiisha watu hushindia uji na kuchekana, maana wote wamo katika shida moja. Mazoea hayo yakihamia kazini huwa hatari, kwa kuwa mwenye nyumba na mama lishe hawachekani na mtu.

Tuseme binti yetu ameandikiwa mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Amepiga simu nyumbani na kuitaja hesabu hiyo, na kijiji chote kimekwisha kuisikia. Tazameni sasa kitakachotokea. Mchango wake wa NSSF, asilimia 10, ni shilingi 70,000. Zabaki 630,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyowekwa tangu Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo mpaka 520,000 hutozwa asilimia 8, yaani 20,000. Na kutoka 520,000 mpaka 760,000 hutozwa asilimia 20, ambayo kwa zile 110,000 zilizozidi ni 22,000. Kodi yote ni 42,000. Kisha Bodi ya Mikopo hudai asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo ni 105,000. Jumla ya makato ni 217,000. Kinachoingia mkononi ni shilingi 483,000. Na kama kuna bima ya afya yenye mchango wa mfanyakazi, chapungua tena.

Makato haya hayakupotea bure. Ile NSSF ni akiba ya uzee wake, na mwajiri naye huiongezea. Ile ya Bodi ni deni halali: kwa fedha hiyo yeye alisoma, na kwa marejesho yake mdogo wake atasoma. Walakini fedha ya kutumia ni 483,000, wala si 700,000. Kijana aitaje nyumbani hesabu hii ya pili, wala asione haya.

Na kabla ya kuipokea hiyo 483,000, kuna mwezi mzima wa kuishi bila kitu. Wenye nyumba katika miji yetu mara nyingi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja. Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba ataka ya miezi sita: hiyo ni 360,000 kabla hajalala usiku mmoja. Aongeze godoro, ndoo, jiko, blanketi la kukinga baridi ya Iringa ya Juni na Julai, na chakula cha siku thelathini. Basi siku ile anayopokea mshahara wa kwanza, ambayo nyumbani wanaingojea kama mavuno, yeye tayari ana deni.

Hapo ndipo wengi hukopa kwa simu, au kwa wale wakopeshaji ambao wananchi wamewaita kausha damu. Na wengine, tuseme kweli, huanza kuazima kidogo katika droo ya duka wakinuia kurudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi huja na madai mapya, na droo haijazi. Kijana mwema, aliyelelewa vizuri, huingia katika wizi akiwa anajaribu kumridhisha mjomba aliyempigia simu mara tatu.

VI. Wajibu wa nyumbani

Kwa hiyo twawaomba wazazi na jamaa mambo matatu.

La kwanza: hesabuni mwezi wa kwanza wa kazi kuwa ndio muhula wa mwisho wa chuo. Mliyechanga kwa ajili ya ada, changeni tena mara moja: debe la mahindi, maharagwe, ndizi za Rungwe, na sehemu ya kodi ya chumba. Mchango huo mdogo humwepusha na mkopo ambao ungemla mwaka mzima.

La pili: kwa miezi sita msimpe mzigo wa kudumu. Kuwaheshimu baba na mama ni amri, wala hatumfundishi mtoto kuisahau nyumba yake. Atume kitu, hata kama ni kidogo, tangu mwezi wa kwanza, ili moyo wake usizoee kutotuma. Lakini ada ya mdogo wake, bati la nyumba ya babu na arusi ya binamu visipangwe juu ya mshahara ambao sheria yenyewe haijaukinga. Mwezi wa saba, mkae naye chini, naye awaonyeshe hati yake ya mshahara, mpange pamoja.

La tatu: msiulize fedha tu. Mwulizeni kazi yaendaje, amejifunza nini, nani amemsaidia, nani anamsumbua. Kijana ambaye kila simu ya nyumbani ni ya kuomba fedha, mwishowe huacha kupokea simu, na siku akipata taabu ya kweli hana wa kumwambia.

Naye kijana twamwomba ajipangie. Katika zile 483,000, atenge 60,000 za kodi ya mwezi, ili miezi sita ikiisha asikutwe mikono mitupu. 180,000 za chakula. 90,000 za nauli, mkaa, umeme na simu. Na 33,000 za mahitaji madogo. Zitabaki 120,000. Nusu itume nyumbani, nusu iwe akiba. Baada ya miezi sita akiba hiyo itakuwa 360,000. Hesabu ya kila mtu itakuwa na tofauti zake, lakini na iandikwe kabla fedha haijafika mkononi, maana ikiwa mkononi husikiliza kila sauti.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Katika jamaa yetu, ni nani ameanza kazi mwaka huu, na ni nani kati yetu aliyemwuliza habari za kazi yenyewe, mbali na habari za fedha?

2. Je, twajua ni kiasi gani kinachomfikia mkononi baada ya makato, au twapanga kwa hesabu tuliyoisikia katika simu ya siku ya kwanza?

3. Kijana, ni mzee gani mahali pako pa kazi ambaye bado hujamwuliza swali, na ni kitu gani kinachokuzuia?

4. Mwenye duka na mwenye ofisi, kijana uliyemwajiri umempa karatasi ya mkataba? Na ni nani uliyemweka awe mwalimu wake?